Asilimia ya korosho nzuri isitolewe peke yake, iambatane na uthabiti wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na makarani wa vyama vya msingi, wapima ubora, wanunuzi na wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi. Msimu wa minada ukifika, maneno ni yaleyale: ghala hili lina korosho nzuri asilimia 88, lile asilimia 84, kwa hiyo hili ni bora. Asilimia hizo zote chanzo chake ni swali la ndiyo au hapana. Korosho ghafi inapasuliwa katikati, mpimaji anatazama kiini, anatamka nzuri au mbovu, anachukua nyingine. Mwisho anahesabu.

Njia hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni kuitoa asilimia ile mikono mitupu, bila kusema ingebadilika kiasi gani endapo mtu mwingine angekata korosho nyingine za ghala lilelile siku ileile. Hilo ndilo linaloitwa uthabiti wa kipimo. Linakokotoleka kwa kikokotoo cha simu, na bei ya jasho la mkulima inastahili hesabu hiyo. Namba nitakazotumia hapa ni za kuonyesha njia tu, si za ghala lolote.

Tuchukue maghala kumi, kila moja zimekatwa korosho 100, na zilizo nzuri ni 88, 84, 91, 79, 86, 90, 82, 87, 85 na 88. Wastani ni 86. Ghala la tatu limepata 91, la nne 79, tofauti ya korosho 12. Ukimwonyesha mtu karatasi hiyo, papo hapo atayapanga maghala kuanzia la kwanza hadi la kumi.

Asubiri kidogo. Kwanza tuulize: kama maghala yote kumi yangekuwa na ubora mmoja, korosho nzuri 86 katika kila 100, namba hizi zingetawanyika kiasi gani kwa bahati ya mkono tu? Zidisha 86 kwa zile 14 zilizobaki, gawanya kwa 100, unapata 12.04. Hiyo ni varianisi, yaani kipimo cha mtawanyiko wa namba, inayoletwa na bahati peke yake. Sasa tafuta varianisi ya namba zenyewe: kila namba itoe na wastani, tofauti uizidishe kwa yenyewe, jumlisha zote. Jumla ni 120. Gawanya kwa 9, yaani idadi ya maghala ukitoa moja, unapata 13.33.

Kwa hiyo mtawanyiko wote ni 13.33, na 12.04 kati ya hizo bahati ingezileta hata kama maghala yangekuwa pacha. Gawanya 12.04 kwa 13.33, toa jibu kwenye 1, kisha zidisha kwa 100 na ugawanye kwa 99 (idadi ya korosho zilizokatwa, na idadi hiyo ukitoa moja). Jibu ni karibu 0.10. Kipimo kisichotikisika kabisa kingepata 1, na kipimo ambacho ni bahati tupu kingepata 0. Yule aliyeyapanga maghala yetu kumi kwa ubora, kwa sehemu kubwa sana amepanga bahati.

Hesabu hii si ngeni. Kuder na Richardson waliichapisha mwaka 1937 kwa ajili ya mitihani, na inajulikana kama fomula yao ya 21. Wanayo nyingine maarufu zaidi, ya 20, na watu wengi waliosoma takwimu huikimbilia hiyo kwa mazoea. Kwa korosho siyo yake. Fomula ya 20 inataka swali la kwanza liwe lilelile kwa kila mtahiniwa, la pili vivyo hivyo. Korosho ya kwanza iliyokatwa Newala haina undugu wowote na korosho ya kwanza iliyokatwa Nachingwea. Ni korosho tu zilizochotwa. Pale ambapo vitu vinavyoulizwa ndiyo au hapana havina sura ya kuvitofautisha, fomula ya 21 ndiyo mahali pake hasa.

Tubadilishe namba, tuache mkasi na mpimaji vilevile. Maghala kumi mengine, korosho 100 kila moja: 94, 71, 88, 62, 90, 79, 96, 83, 68 na 89. Wastani 82. Bahati peke yake ingeleta varianisi ya 14.76, lakini varianisi iliyopatikana ni 135.1. Pitisha hesabu ileile: uthabiti ni 0.90. Hapa upangaji una maana. Yaani uthabiti haukai ndani ya mkasi wala ndani ya idadi ya korosho pekee. Unategemea pia maghala unayoyalinganisha yanatofautiana kweli kiasi gani. Anayesema "korosho 100 zinatosha" aulizwe: zinatosha kutenganisha nini na nini?

Ukitaka kujua ungepata uthabiti gani kwa kukata zaidi au pungufu, iko kanuni ya Spearman na Brown ya mwaka 1910. Zidisha uthabiti ulionao kwa idadi ya mara unazoongeza. Gawanya jibu kwa jumla ya 1 na uthabiti ulionao uliozidishwa kwa idadi ya mara hizo ukitoa moja. Kwenye maghala haya ya pili, ukikata korosho 25 badala ya 100, yaani mara 0.25, uthabiti unashuka kutoka 0.90 hadi 0.69. Kwenye yale ya kwanza, kuufikisha 0.80 kungehitaji korosho zaidi ya 3,600 kila ghala. Hakuna atakayefanya hivyo, wala hapaswi. Jibu la haki pale ni kuandika kwamba maghala yale hayajaonyesha tofauti.

Tahadhari mbili za haraka. Mara nyingine varianisi iliyopatikana huwa ndogo kuliko ile ya bahati, na hesabu ikatoa namba hasi. Isomwe kama sifuri, hujakosea kubonyeza. Na kwa maghala kumi tu, uthabiti wenyewe ni makadirio yanayoyumba. Msimu mzima wa vipimo utakupa picha bora kuliko mnada mmoja.

Kwa ghala moja moja swali linakuwa jingine: asilimia hii iko kati ya ngapi na ngapi? Chukua sehemu ya korosho nzuri, zidisha kwa sehemu ya mbovu, gawanya kwa idadi iliyokatwa, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Kwa 0.86 na korosho 100 unapata karibu 0.07. Andika asilimia 86, zaidi au pungufu kwa 7. Ukikata 200 inakuwa karibu 5, ukikata 400 inakuwa 3.4. Angalia vizuri hapo: kuupunguza wasiwasi kwa nusu unakata mara nne, sio mara mbili. Na mpimaji aliyekata korosho 50 asikute mbovu hata moja asiandike kwamba mbovu ni sifuri. Gawanya 3 kwa 50: mbovu zinaweza kuwa hadi 6 katika kila 100 na bado yeye asiione hata moja.

Yote niliyosema mpaka hapa yanachukulia kwamba kila korosho imechotwa peke yake, ghala zima likiwa kama chungu kimoja kilichokorogwa. Ghala halijakorogwa. Gunia hili ni la mkulima aliyeanika vizuri na kuchambua, lile ni la mkulima aliyenyeshewa, jingine mikorosho yake ilishambuliwa na mdudu anayefyonza korosho changa na kuacha madoa meusi kwenye kiini. Korosho za gunia moja zinafanana, na ukishakata chache za gunia hilo zinazofuata zinakurudishia habari uliyokwisha kuipata.

Kufanana huko tukukadirie 0.1, pale 0 ikiwa ni kutofanana kabisa na 1 kufanana kabisa. Chukua idadi ya korosho ulizotoa kila gunia, toa moja, zidisha kwa 0.1, jumlisha 1; namba hiyo ndiyo ya kugawia jumla ya korosho zako. Ukitoa korosho 20 kwenye magunia 10, mgawanyo ni 2.9, na korosho zako 200 zina nguvu ya korosho 69. Ukitoa korosho 4 kwenye magunia 50, mgawanyo ni 1.3, na zilezile 200 zina nguvu ya 154. Kazi ya kukata ni ileile. Kinachoongezeka ni kutembea ndani ya ghala na bambo mkononi, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchota sampuli, ukichoma magunia ya juu, ya katikati na ya chini, ya mlangoni na ya ukutani. Anayechota magunia ya mlangoni kwa sababu yako karibu hapimi ghala, anapima mlango.

Na hapa ndipo mtego mbaya kuliko yote ulipo. Ukichota kila ghala kutoka gunia mbili tu, fomula ya 21 haitashuka, itapanda. Tofauti ya gunia na gunia itavaa nguo za tofauti ya ghala na ghala, nawe utaandika uthabiti wa 0.90 ukifurahi, kumbe kesho ukichota magunia mengine mpangilio wote unapinduka. Vivyo hivyo kila ghala likiwa na mpimaji wake: mmoja mkali, mwingine mpole, na ukali wa jicho utahesabiwa kuwa ubora wa korosho. Fomula haina macho ya kuyaona hayo. Uthabiti mkubwa uaminiwe pale tu magunia yamekuwa mengi na jicho limekaguliwa.

Jicho tunalikagua hivi. Mtu mmoja akate korosho 200, karibu kilo moja, kwa urefu, akiwa na glovu kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza. Kila korosho, nusu zake mbili pamoja, iwekwe kwenye tundu la trei ya mayai. Trei moja ina matundu 30, kwa hiyo trei saba zinatosha. Matundu yapewe namba 1 hadi 200. Wapimaji wawili wapite kila mmoja na karatasi yake, wasionane, wasizungumze, waandike N au M kwa kila namba. Ifanyike siku hiyohiyo, maana kiini kilichopasuliwa kikilala hubadilika rangi na kukauka.

Tuseme wote wawili wameandika nzuri kwenye korosho 160, wote wawili mbovu kwenye 12, mpimaji wa kwanza nzuri na wa pili mbovu kwenye 18, na kinyume chake kwenye 10. Wamekubaliana 172 kati ya 200, asilimia 86. Wengi wangeishia hapo na kupongezana. Lakini wa kwanza ameita nzuri asilimia 89 ya korosho, wa pili asilimia 85. Hata wangefumba macho na kuandika kwa viwango hivyo, wangekutana kwenye nzuri mara 0.89 kwa 0.85, na kwenye mbovu mara 0.11 kwa 0.15. Jumla 0.773. Toa hiyo kwenye 0.86, unabaki na 0.087. Itoe pia kwenye 1, unabaki na 0.227. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.38. Hiyo ndiyo kapa, aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960, na inasema kwamba makubaliano yaliyo juu ya bahati ni theluthi moja na ushei tu ya yale yaliyowezekana.

Kapa ina udhaifu wake na ni haki kuusema. Mbovu zikiwa chache sana, kapa hushuka hata kwa wapimaji wazuri, kwa sababu bahati peke yake inakuwa imeshachukua nafasi karibu yote. Kwa hiyo isiandikwe peke yake. Hesabu pia makubaliano ya kila upande. Kwa nzuri: mara mbili ya 160, gawanya kwa jumla ya nzuri alizotaja kila mmoja, 178 na 170, unapata 0.92. Kwa mbovu: mara mbili ya 12, gawanya kwa 22 na 30 zikijumlishwa, unapata 0.46. Sasa tatizo linaonekana kwa jina: wapimaji hawa wanaijua korosho nzuri, wasichokubaliana ni mbovu ni ipi. Na mbovu ndiyo inayoshusha bei.

Kisha tazama wanapishana upande gani, kwenye zile 18 na 10. Toa ndogo kwenye kubwa, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa jumla yake: 64 kwa 28, karibu 2.3. Ikizidi 3.84 ujue mmoja ni mkali kuliko mwenzake na si kuteleza tu. Hapa haijafika, basi hatuwezi kumnyooshea kidole yeyote.

Biashara yenyewe inajua kwamba ndiyo na hapana havitoshi kwa kiini chenye madoa. Ndiyo maana katika hesabu ya pauni za kiini kwa gunia la kilo 80, uzito wa viini vyenye kasoro ya kati huingizwa nusu. Kilo moja ya korosho ghafi ikitoa gramu 260 za viini vizuri na gramu 20 vyenye madoa, unachukua 270, unazidisha kwa 0.17637, unapata pauni 47.6. Nusu hiyo inapunguza ubishi, ila haiumalizi, kwa kuwa bado kuna mtu anayeamua doa hili liende kundi la nusu au kundi la kutupwa.

Tena, kukubaliana siyo kupatia. Wawili waliofunzwa na mtu mmoja wanaweza kukosea kwa pamoja na kapa yao ikang'ara. Trei chache zipitiwe na mpimaji mzoefu anayeaminiwa na pande zote, na kila mmoja ajulikane anakamata mbovu ngapi na anazionea nzuri ngapi. Mbovu za kweli zikiwa asilimia 10, mpimaji anayekamata 80 katika kila 100 za mbovu na kuzionea nzuri 5 katika kila 100 ataandika mbovu asilimia 12.5. Akijijua hivyo anasahihisha: 0.125 jumlisha 0.95 toa 1, gawanya kwa 0.80 jumlisha 0.95 toa 1. Jibu linarudi 0.10. Kwa mkulima mwenye tani kadhaa ghalani, asilimia mbili na nusu ya kuonewa siyo kitu kidogo.

Hojaji za ndiyo na hapana wanazopewa wakulima, mathalani maswali 15 kuhusu stakabadhi ghalani, hizo ndizo za fomula ya 20. Kwa kila swali zidisha sehemu ya waliopata kwa sehemu ya waliokosa, jumlisha maswali yote, gawanya kwa varianisi ya alama za jumla, toa kwenye 1, kisha zidisha kwa 15 na ugawanye kwa 14. Hakikisha maswali mengine jibu lake sahihi ni hapana. Mtu anayeitikia ndiyo kila swali, kwa heshima au kwa kuchoka, hupandisha uthabiti bila kuonyesha anajua chochote.

Ombi langu kwa wanaosimamia vipimo ni dogo. Pembeni ya asilimia ya korosho nzuri, karatasi ya kipimo iandikwe idadi ya korosho zilizokatwa, idadi ya magunia zilikotoka, zaidi au pungufu yake, na kapa ya wapimaji ya msimu huo. Zoezi la trei lifanyike kabla ya mnada wa kwanza, na lirudiwe katikati ya msimu, kwa sababu jicho huzoea: baada ya wiki kadhaa za korosho nzuri, doa dogo linaanza kuonekana ubovu. Na zile korosho 28 walizopishana wapimaji wasizitupe. Waziweke mezani siku hiyohiyo, waziangalie moja moja, kila mmoja aeleze ameona nini mpaka wajue mpaka wao wa madoa uko wapi. Kisha zikatwe nyingine 200, wapime upya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtakwimu wa mazao, Masasi, Mtwara